Sindano za kulenga msuli: kinachovimba si msuli

Chuma Baridi (mleta mada)

Wadau, naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu. Swali la kuchoma sindano ya testosteroni, homoni ya kiume ya kukuza misuli, kwenye msuli uliobaki nyuma limekuwa likiulizwa tangu nianze kufuatilia mijadala ya watunisha misuli, na majibu huwa ni yaleyale: baisepsi haikui, choma baisepsi, vigimbi vimegoma, choma vigimbi, bega la nyuma limelala, choma hukohuko. Niliufuata ushauri huo kwa miaka 3 hivi, na haya ninayoyaandika niliyasoma baada ya kuumia, wala si kabla, jambo ambalo sijivunii.

Nianze na dawa yenyewe, kwa kuwa wengi tunaichoma bila kujua inasafirije. Testosteroni ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na ilibainika mapema kwamba ikichomwa ikiwa peke yake huisha mwilini haraka mno. Ndiyo maana watengenezaji waliipachika mkia wa kemikali uitwao esta, kisha wakaiyeyusha katika mafuta ya mimea kama vile ya ufuta au ya mbegu za pamba. Sindano ikiingia msulini, mafuta hayo hukaa kama kidimbwi katikati ya nyuzi za nyama, na dawa huvuja kutoka humo kidogo kidogo hadi kwenye damu. Esta ikiwa fupi uvujaji huchukua siku chache, ikiwa ndefu huchukua wiki. Mkia ule hukatwa kwa sehemu kubwa baada ya dawa kuingia kwenye damu, na mpaka ukatwe homoni haiwezi kushika kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoipokea. Kwa maneno mengine, dawa iliyolala ndani ya baisepsi yako bado imefungwa, na itakapofunguliwa itakuwa imeshaondoka hapo, maana damu ya mtu aliyetulia huzunguka mwili mzima kwa muda wa dakika moja tu.

Mwenye shaka autazame utafiti wa daktari Shalender Bhasin na wenzake wa mwaka 1996, ambao wengi hapa huutaja kwa sababu nyingine. Wanaume 43 waligawanywa katika makundi manne kwa wiki 10: wengine walipewa testosteroni, wengine sindano isiyo na dawa, na kila upande ukagawanywa kati ya waliofanya mazoezi na wasiofanya. Watafiti walipima msuli wa nyuma ya mkono na msuli wa paja, na kwa waliopata dawa sehemu zote mbili zilikua. Hakuna aliyechomwa traisepsi ili traisepsi ikue, wala paja ili paja likue. Dawa iliingia kwenye damu, na damu ikaifikisha kila mahali penye vipokezi, ikiwemo mahali ambapo hakuna anayetaka ifike, kama vile moyo, tezi dume na ngozi ya kichwa.

Kwa nini basi tunaamini kinyume chake? Kwa sababu futi kamba haidanganyi, au ndivyo tunavyodhani. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia kwa sentimita 1 na ushee, nikaamua kuuchoma huo peke yake. Siku ya pili niliupima ukawa umezidi wa kulia. Ngozi ilikuwa imekazika, inang'aa kidogo, na nikiibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale kwa muda kabla ya kujaa tena. Wenzangu wa mazoezi waliona tofauti na wakanisifu. Leo najua kwamba msuli haubaki na shimo ukiubonyeza. Kinachobaki na shimo ni uvimbe wenye maji. Baada ya wiki moja na nusu mkono ulirudi ulivyokuwa, nami badala ya kujiuliza ulienda wapi, nikachoma tena. Kila nilipochoma nilijionea "matokeo", na kila yalipopotea nilijilaumu kwamba sikuchoma vya kutosha.

Kibuyu

Mleta mada, nakuheshimu, lakini umepita haraka juu ya jambo moja. Wakongwe wa miaka ya 1980 walikuwa wakichoma Esiclene kwenye vigimbi na mikono kabla ya mashindano, na picha zao zipo hadi leo. Watu hawa hawakuwa wajinga. Kama kuchoma sehemu hakufanyi kitu, kwa nini walifanya?

Chuma Baridi

Ndugu Kibuyu, sijasema hakufanyi kitu. Nimesema hakukuzi msuli. Esiclene, ambayo ni fomeboloni, ilikuwa steroidi (dawa ya jamii ya testosteroni) dhaifu kwa upande wa kukuza nyama, ila ilikuwa na sifa ya kuwasha na kuvimbisha mahali inapochomwa, kiasi kwamba chupa yake iliwekwa dawa ya ganzi ili mchomwaji aweze kuvumilia. Wakongwe unaowataja walitaka kigimbi kionekane kimejaa kwa siku ya jukwaani, na hesabu yao iliishia hapo, kwa kuwa uvimbe ulipungua ndani ya siku chache. Walikuwa wakinunua uvimbe wa muda na walijua wanachonunua. Sisi tumeurithi mtindo ule bila maelezo yake, tukadhani ni njia ya kujenga msuli wa kudumu.

Nikubali pia kwamba makovu hubaki. Msuli unaotobolewa mara kwa mara mahali pamoja hujitengenezea nyama ya kovu, na kovu lina ujazo wake, kwa hiyo futi kamba inaweza kweli kuonyesha ongezeko dogo lisiloondoka. Tatizo ni kwamba kovu halikunji kiwiko wala halinyanyui chuma, na linapokuwa kubwa huzuia nyuzi zilizo hai kujinyoosha. Nina sehemu katika bega la kulia ambayo ukiipapasa utadhani kuna punje za mahindi chini ya ngozi.

Muuguzi wa Zamu

Nimeusoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni muuguzi, si mtunisha misuli, na sikuja kumhukumu mtu. Nimewapokea wengi wenu usiku mkiwa na mkono usioweza kuinuliwa, na karibu wote hueleza kwanza kwamba "waligongwa na chuma".

Watu hudhani sisi tunachagua tako, paja au bega kwa mazoea tu. Tunachagua sehemu hizo kwa sababu misuli yake ni minene na, tukifuata alama za mifupa, neva kubwa na ateri ziko mbali na ncha ya sindano. Hata hivyo, pale takoni penyewe tumefundishwa kuacha eneo la katikati na kwenda upande wa nyonga, kwa sababu neva kuu ya mguu hupita nyuma na watu wameachwa na mguu unaoburuta kwa sindano moja iliyokosea. Sasa fikirini mkono wa juu. Neva iitwayo radiali huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono palepale panapochomwa traisepsi. Ikiumia, kifundo cha mkono huanguka na mtu hawezi kuinua kiganja. Kando ya baisepsi, upande wa ndani wa mkono, hupita ateri kuu ya mkono pamoja na neva nyingine. Nyuma ya goti na kigimbi hali ni hiyohiyo. Msuli mdogo uliobanwa kati ya mishipa mingi hauna nafasi ya kukosea, na mtu anayejichoma mwenyewe, mbele ya kioo, kwa mkono asiouzoea, hukosea.

Mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu, kuna mambo mawili ninayotaka myajue. La kwanza ni kikohozi kile mnachokifanyia mzaha. Mafuta yakiingia kwenye vena husafiri hadi mapafuni na kukwama katika mishipa midogo. Mtu hushikwa ghafla na kikohozi kikali, kifua kinabana, anatokwa jasho, mara nyingine anahisi ladha ya ajabu mdomoni. Mara nyingi hupita, lakini si jambo la kubeza. Marekani ilipoidhinisha Aveed mwaka 2014, ambayo ni testosteroni ya muda mrefu iliyoyeyushwa katika mafuta, iliagizwa kwamba mgonjwa abaki chini ya uangalizi kwa dakika 30 baada ya kila sindano kwa sababu hiyo na kwa hofu ya mzio mkali. Hiyo ni dawa safi ya kiwandani, inayochomwa na mtu aliyefunzwa, takoni.

La pili hutokea kwa nadra, lakini nimeliona kwa macho yangu. Dawa ikiziba ateri ndogo, ngozi ya juu hupauka papo hapo kwa maumivu yasiyo ya kawaida, kisha huota michirizi ya zambarau kama ramani ya mito, na baada ya siku chache nyama iliyokosa damu huanza kufa na kuwa nyeusi. Hali hii huitwa sindromu ya Nicolau, kwa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1925 kwa wagonjwa wa kaswende waliokuwa wakichomwa chumvi za bismuthi. Maumivu ya namna hiyo hayasubiri kesho asubuhi.

Mwana wa Hamisi

Dada Muuguzi, nashukuru. Swali langu ni la kila siku zaidi. Nitatofautishaje maumivu ya kawaida ya sindano na jipu? Kila nikichoma nakaa siku mbili siwezi kuegemea, na hapa naambiwa ni kawaida, "dawa inafanya kazi".

Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, maumivu si dalili ya dawa kufanya kazi. Mara nyingi ni nyama kulalamikia kiyeyushi, hasa pale mtengenezaji wa mafichoni anapoongeza alkoholi ya benzili ili aweze kubana dawa nyingi katika mililita moja.

Tazama mwelekeo wake. Maumivu ya kawaida huwa makali siku ya kwanza au ya pili, kisha hupungua. Maambukizi huenda kinyume chake: siku ya tatu ni mbaya kuliko ya pili, na ya nne ni mbaya kuliko ya tatu. Ngozi inakuwa nyekundu au, kwa ngozi nyeusi, inakuwa na weusi uliokolea na kung'aa. Ukiigusa kwa mgongo wa kiganja ni ya moto kuliko upande wa pili. Uvimbe unapwita kwa mapigo ya moyo. Halafu homa na kutetemeka. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu. Ukivuka mstari ndani ya saa chache, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Usilikamue, usilitoboe na usijaribu kulivuta kwa bomba la sindano. Jipu lililo ndani ya msuli halina njia ya kutokea, na ukilikandamiza unasukuma usaha kati ya nyama. Vidonge vya antibayotiki ulivyobakiza nyumbani havitoshi kwa sababu dawa haipenyi vizuri kwenye mfuko wa usaha. Lazima upasuliwe na kuoshwa. Ukifika, sema ukweli kwamba ulichoma na ulichoma nini. Ukisema uligongwa, daktari atakutafutia mfupa uliovunjika huku usaha ukisambaa.

Chuma Baridi

Naomba nithibitishe hayo kwa ngozi yangu. Lile bega lenye punje lilianza hivyohivyo. Siku ya tatu nilishindwa kuvaa fulana, siku ya tano nikaamka shuka limelowa jasho. Niliyeenda kumwona kwanza, mahali nisipopataja, aliniambia ni msuli umevutika akanipa dawa ya maumivu, lakini kosa lilikuwa langu kwa kuwa sikumwambia habari ya sindano. Nilipopasuliwa hatimaye, kilichotoka kilikuwa usaha uliochanganyika na mafuta, na harufu yake sitaisahau. Kidonda hakikushonwa, kilijazwa bandeji ndefu iliyotolewa na kuwekwa upya kila siku kwa wiki 3, hadi nyama ilipojaa kutoka chini kwenda juu. Muda huo wote sikugusa chuma, na msuli niliokuwa nauongeza ukapungua kwa macho.

Pwaguzi

Mmezungumzia dawa. Vipi kuhusu Synthol, yale mafuta ya kujazia msuli? Ile si homoni, haina madhara ya homoni, na watu wanasema mwili huinyonya pole pole. Mimi nimeitumia kwenye mikono, na nauliza kwa dhati.

Chuma Baridi

Ndugu Pwaguzi, jibu langu litakuwa refu kidogo. Synthol ilianza kuuzwa miaka ya 1990 na Chris Clark wa Ujerumani, na mchanganyiko unaotajwa ni asilimia 85 ya mafuta, asilimia 7.5 ya lidokeini na asilimia 7.5 ya alkoholi ya benzili. Mafuta ndiyo yanayojaza, alkoholi inazuia vijidudu, na lidokeini ni ganzi. Hiyo ganzi ndiyo inayonitisha kuliko vyote, kwa sababu maumivu ndiyo mlinzi pekee tuliye naye pale ncha inapogusa neva au mafuta yanapopasua nyama, na hapa mlinzi amelazwa usingizi kwanza.

Ni kweli kwamba si homoni, na ni kweli kwamba sehemu ya mafuta huondoka. Iliyobaki mwili huizungushia ukuta wa kovu, na ndiyo maana mkono wa namna hiyo huonekana kama mfuko uliojazwa mipira: hauna mistari ya msuli, na ukikunja kiwiko umbo halibadiliki.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1899, mjini Vienna, daktari Robert Gersuny alimchoma mafuta ya mgando kijana aliyeondolewa korodani kwa ajili ya kifua kikuu, ili kumrudishia umbo. Ilionekana ni muujiza, madaktari wengine wakaanza kujaza pua, mashavu na matiti. Miaka michache baadaye vikaanza kurudi vivimbe vigumu, vidonda visivyopona na mafuta yaliyohama kutoka mahali yalipowekwa, na udaktari ukaachana na njia hiyo. Zaidi ya karne moja baadaye, Kirill Tereshin wa Urusi alijichoma mafuta ya mgando mikononi, na mwaka 2019 ikabidi aanze kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda pamoja na nyama iliyokufa. Valdir Segato wa Brazili, aliyejulikana kwa mikono yake ya mafuta, aliwahi kuonywa na madaktari kwamba angeweza kuipoteza. Alifariki Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 55.

Muuguzi wa Zamu

Niongeze sehemu ambayo haionekani kwenye kioo. Seli za kinga zinapokuta mafuta zisizoweza kuyameng'enya, huyazingira na kukaa hapo kwa miaka. Seli hizo zina uwezo wa kubadili vitamini D kuwa katika hali yake kali, kazi ambayo kwa kawaida figo huifanya kwa kipimo. Zikiwa nyingi, zinaifanya bila kipimo, na kalsiamu kwenye damu inapanda. Madaktari wa Denmark wameeleza wagonjwa kadhaa wa namna hii, wanaume waliojichoma mafuta ya parafini kwa ajili ya misuli, ambao miaka baadaye walikuja na kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, uchovu, mawe kwenye figo, na wengine figo zenyewe zikiwa zimeharibika.

Ndugu Pwaguzi, kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: pimwa damu, kalsiamu na utendaji wa figo, na umwambie daktari wazi kwamba una mafuta mikononi. Bila maelezo hayo hatafikiria kutafuta huko, kwa kuwa mkono na figo haviko katika sentensi moja kwenye akili ya watu wengi. Usimeze vidonge vya vitamini D wala kalsiamu hadi upate majibu. Na usikubali mtu akukande au akuvute mafuta kwa sindano. Yameshaingiliana na nyama, hayako kwenye mfuko mmoja wa kutoboa.

Kibuyu

Mmenifikisha mahali pa kuuliza jambo ambalo huwa tunalikwepa. Katika mduara wetu chupa moja hutumiwa na watu wanne. Kila mtu ana sindano yake mpya, kwa hiyo tunajiona wasafi.

Muuguzi wa Zamu

Sindano mpya inakuwa mpya kwa mchomo wa kwanza tu, kaka. Mmoja akichota, akajichoma, kisha akarudi kuchota kiasi kilichobaki kwa sindano ileile, chupa nzima imeshaguswa na damu yake. Na anayelenga misuli kadhaa kwa siku moja ndiye mwenye kishawishi kikubwa cha kurudi chupani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wanaume 395 wa Uingereza na Wales waliokuwa wakijichoma dawa za kukuza mwili. Asilimia 1.5 walikuwa na VVU, asilimia 5.5 walikuwa na alama za homa ya ini C, na asilimia 8.8 alama za homa ya ini B. Wengi wa wanaume wa namna hii hawajihesabu kuwa ni "watu wa sindano", hivyo hawaendi kupima. Chanjo ya homa ya ini B ipo. Mduara wako mzima ungeweza kuipata.

Mwana wa Hamisi

Kaka mleta mada, la mwisho kutoka kwangu. Kama sindano haikuuinua ule mkono wa kushoto, umeufanyaje?

Chuma Baridi

Nimeacha kuuchoma, na nimeacha kuufanyia mazoezi pamoja na wa kulia kwenye chuma kimoja kirefu, maana wa kulia ulikuwa ukibeba sehemu kubwa bila mimi kujua. Sasa kila mkono unashika chuma chake, ninaanza na wa kushoto, na wa kulia hauruhusiwi kuzidi hesabu ya wa kushoto. Ni miezi 7. Nimepima asubuhi ya leo kabla ya mazoezi, mkono ukiwa baridi: tofauti imebaki milimita 6.

Pwaguzi

Nimesoma yote. Kiu ninayo, na nilidhani ni joto. Naenda kupima kesho, nitarudi hapa na majibu.